Flash ya Marehemu Iliyogoma Kufunguka

Sauti ya baba yangu ilisikika sebuleni siku ya tisa baada ya kumzika, na aliyeinuka wa kwanza kukimbilia mlango alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Nilikuwepo. Kompyuta ilikuwa mapajani kwangu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Watu huniita Pengwini, kwa sababu laptop yangu inatumia mfumo wa Linux na ina stika ya nembo yake, yule ndege pengwini, mgongoni. Wananitania weee, lakini flash zikiwashinda kwingine kote, kwangu ndiko zinakoletwa.

Baba alikuwa seremala. Maneno machache, penseli sikioni. Miezi mitatu kabla hajafariki alinipigia simu.

"Nimejirekodi maneno yangu, yako kwenye flash. Njoo unifanyie kopi ya pili."

"Kesho, mzee."

Mnaonijua mnazijua kesho zangu.

Siku ya mazishi, baba mdogo alichukua funguo za marehemu, eti zisije zikapotea. Flash ilikuwa imening'inia kwenye funguo hizo hizo. Nani anagombania funguo siku ya msiba?

Baba mdogo ni dalali wa nyumba. Siku ya nne nikamkuta mama uani, ametulia tuli, anatazama alama za rangi nyekundu kwenye kona za ukuta wake.

"Kaja mtu na futi," akasema. "Kapima mpaka jikoni. Hata hodi hakupiga."

Nikampigia baba mdogo. Hata hakubabaika.

"Kiwanja ni cha babu yenu, mwanangu. Kama kaka aliacha maneno, yasikilizwe Jumamosi mbele ya ukoo. Yasiposikika, nauza. Mama yako tutamtafutia chumba."

Chumba! Miaka thelathini na moja ndani ya nyumba ile, halafu chumba.

Mama akasema neno moja tu: flash aifungue mwanangu.

Ijumaa asubuhi baba mdogo akaileta mwenyewe. Juu yake kulikuwa na kipande cha plasta, na mwandiko wa baba wa penseli: MANENO.

Nikachomeka. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena.

Folda haikutokea.

Nikabadilisha tundu. Nikajaribu kwenye kompyuta nyingine. Yale yale. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri. Mashine ilikuwa inaiona flash vizuri, na ukubwa wake kamili, ila kila nikiiamuru ifungue inanijibu kwamba haielewi kilichomo.

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani, mzito, wenye joto.

"Vitu vya marehemu vikigoma, viache," akasema taratibu. "Wewe iformati tu, uitumie kwa kazi zako."

Huyu mtu hata kutuma picha kwa simu huomba asaidiwe. Neno formati, yaani kufuta kila kitu, kalitoa wapi?

"Niachie saa moja, baba mdogo."

"Nitakaa."

Akavuta stuli, akakaa. Nilikuwa namsikia anavyopumua.

Sasa, mimi nina sheria moja: flash mgonjwa haitibiwi, inatibiwa kopi yake. Nikainakili yote ilivyo, chembe kwa chembe. Katikati ya kazi simu ya baba mdogo ikaita, tarumbeta zikajaa chumba kizima. Akaizima haraka.

Kopi ilipokamilika nikaichungulia. Ramani ya ndani ya flash ilikuwa imefutwa, vitu vipya vikamwagwa juu yake, halafu mtu akaichomoa kazi ikiwa katikati.

Haikufa ile. Iliuawa.

Nikachomoa flash, nikamrudishia. "Imekwenda, baba mdogo. Pole."

"Kazi ya Mungu," akajibu. Akaitia mfukoni, akatoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia. Kwamba kopi imebaki kwangu, hakujua.

Siku nzima nikafukua. Nikapata faili moja tu ya sauti. Nikaifungua, zikanijia tarumbeta. Wimbo! Nikafunga laptop, nikalia kama mtoto. Ningeenda siku ile aliponiita, tungekuwa na kopi nzima.

Jumamosi sebule ilijaa. Mama alikaa karibu na dirisha, ameshika upindo wa kanga yake. Baba mdogo alikuja na mnunuzi kabisa, wakakaa pamoja.

"Haya, Pengwini," akasema. "Waambie."

"Nimepata wimbo tu," nikasema. Sikuweza kumtazama mama.

"Si nilisema? Kaka alikuwa mpenda muziki, basi."

"Uache uimbe," mama akasema.

"Mama, hakuna ki..."

"Cheza mpaka mwisho. Baba yako hakuwa na nyimbo."

Nikabonyeza. Tarumbeta. Baba mdogo akatabasamu, mguu unagonga sakafu. Shangazi akamgeukia.

"Wewe, si mlio wa simu yako huo?"

Mguu ukasimama.

Hapo ndipo wimbo ulipokatika kwa mkwaruzo mkali, na sauti ya baba ikaingia katikati ya sentensi.

"...hapo ndipo nilipokiweka. Ni chako, mdogo wangu, cha kwako peke yako. Bila wewe nisingejenga. Nimeanza na wewe kwa sababu nimekukosea muda mrefu. Sasa, wanangu, nyumba. Kiwanja nilikinunua kwa babu yenu, hati iko kwa mchungaji. Nyumba ni ya mama yenu. Asiguswe."

Baba mdogo alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono umeshika kitasa, haukifungui.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Tarumbeta, mkwaruzo, "...hapo ndipo nilipokiweka."

"Rudisha nyuma zaidi!"

"Hakuna nyuma, baba mdogo. Nyuma ndiko ulikoweka wimbo."

Hakuna aliyecheka. Mnunuzi aliaga kwa kichwa, akaondoka na futi lake. Mama alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye, nisijue nalia kwa furaha au kwa woga.

Mchungaji alileta hati. Mama yuko kwake, na zile alama nyekundu nimezipaka chokaa mwenyewe.

Baba mdogo ameshang'oa sakafu yote ya karakana ya baba, akikitafuta alichoachiwa. Amepasua makabati. Amekonda, udalali ameuacha. Kila Ijumaa anakuja kwangu na ile flash yenye plasta, anakaa kwenye stuli ile ile.

"Jaribu tena, mwanangu."

Kilichofutwa kinaweza kurudi. Kilichoandikiwa kingine juu yake hakirudi kamwe. Nimemweleza mara ngapi sijui.

Nawaachia haya: usifute usichokisoma, huenda ni jina lako. Na mzazi akikuita, vaa viatu uende leo.

Jana alikuja tena. Nilimtazama machoni, huruma ikanishika, nikashindwa kuurudia ukweli ule.

"Kesho, baba mdogo," nikamwambia.