Simbilisi Mzee na Ndoo ya Javeli

Simbilisi wetu, mnyama mdogo kama panya asiye na mkia, hana jina. Mama alikataa tangu mwanzo: kitu kinachokwenda kwenye sufuria hakipewi jina, alisema, maana ukishakiita hutakila. Shangazi aliwaleta watatu kutoka Uvira, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kitenge, mwaka nilipomaliza shule. Kwao Uvira wanawaita dende, wanawafuga jikoni karibu na moto, na siku ya wageni, wawili au watatu wanatosha. Wawili wakaliwa. Wa tatu, jike mwenye doa jeupe juu ya pua, alikuwa amekonda mno, mama akasema anenepe kwanza. Nikapewa kazi ya kumnenepesha. Nimeifanya kwa miaka sita, na siku hizi hakuna anayetaja sufuria.

Mimi nikipewa kazi ndogo, naifanya mpaka inamchosha kila mtu nyumbani. Napiga chapa na kupanga kadi za mialiko ya harusi hapa hapa chumbani kwetu Musaga, kazi niliyojifunza peke yangu kwa kubonyeza na kukosea, na nimewahi kurudia kadi moja mara kumi na moja kwa sababu ya nafasi kati ya herufi mbili. Bwana harusi hakuiona. Mimi niliiona, na ilininyima raha siku tatu.

Kwa hiyo simbilisi alipoanza kukohoa, misimu miwili ya mvua iliyopita, nilimshughulikia vile vile. Kwanza zilikuwa chafya. Halafu nikasikia kifuani mwake mlio kama wa mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Macho yakatoa utando mweupe. Niliketi na simu, nikasoma kwa Kifaransa kila nilichokipata, nikajifunza maneno ambayo sina mtu wa kuzungumza naye. Duka la dawa la jirani walinipa amoksisilini, kwa sababu hiyo ndiyo dawa ya kikohozi cha watu. Niliirudisha. Nilikuwa nimesoma kwamba simbilisi akiimeza, tumbo lake huharibika na anaweza kufa. Muuzaji alinitazama kwa heshima kidogo, na nakiri niliipenda heshima ile.

Nikampigia daktari wa mifugo anayehudumia ng'ombe na nguruwe upande wa Ruziba. Alicheka kwanza, akaniuliza uzito wake, kisha akanitajia dawa ya maji wanayopewa kuku na idadi ya matone. Wiki moja, simbilisi akapona. Baada ya wiki tano, mlio wa kitana ukarudi. Matone tena, akapona tena, ukarudi tena. Daktari alisema kwa simu kwamba huenda ni uzee tu. Mimi sikukubali. Niliamini kuna kitu nakosea, na kwa mtu kama mimi kosa lina jina moja: uchafu. Kila aliporudia kuugua, nilizidisha kusafisha sanduku analolala.

Nilikuwa na daftari. Niliandika uzito wake kila asubuhi, idadi ya pumzi zake kwa dakika, amekula nini, amebakisha nini. Mara ya nne alipougua, safu ya chakula ikaanza kubaki tupu. Simbilisi asipokula siku mbili, matumbo yanasimama, na mzee kama yeye haamki tena. Nilimsagia lengalenga, mchicha wa kwetu, na mapera, nikamlisha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, naye akawa anaangalia ukuta. Nikampigia daktari, nikamwambia safari hii aje mwenyewe.

Alifika Jumamosi asubuhi akisukuma baiskeli, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa imekosa mafuta. Alikuwa na jasho na hakuwa na haraka. Alipofika mlangoni mwa chumba changu akasimama, akapiga chafya mbili.

"Dada, hapa ni pa kufuga nyama ao ni pa kuogelea?"

Mama, aliyekuwa nyuma yake, akaanza kucheka. "Umwambie, Dokta. Mi nikisema, ananijibu kama sikusoma."

"Unaosha sanduku na nini?" daktari akaniuliza.

"Maji ya javeli," nikasema, ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Unatia kiasi gani?"

Nikamwonyesha kikombe ninachopimia, kando ya ndoo.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni," nikasema. Halafu, kwa sababu siwezi kumdanganya mtu aliyevaa kipima mapafu shingoni, nikaongeza, "Akiwa mgonjwa, mara nne."

Hakunigombeza. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni kando ya sanduku. "We unapumua huku juu. Ye anapumua huku chini. Lala hapa."

"Hapa chini?"

"Lala, dada. Haitakuuma."

Nikalala kifudifudi kwenye sementi yangu safi, pua usawa wa pua ya simbilisi. Sikumaliza pumzi tatu. Machozi yalinitoka, koo likawasha kama nimemeza majivu. Nilipoinuka, mama alikuwa ameacha kucheka.

"Kule Uvira dende anaishi na moshi jikoni," alisema taratibu, "na hata hakohoi."

"Apana, Mama," daktari akajibu. "Moshi pia unamuharibu mapafu. Ni vile munamukula mbele hajazeeka."

Mama akafikiri. "Iyo ni kweli," akasema.

Nililia, ingawa si kwa sauti. Kilichoniumiza hasa ni lile daftari. Niliandika kila kitu kilichompata yule mnyama, hata rangi ya mavi yake, lakini sikuandika ndoo hata siku moja. Sikuhesabu usafi kuwa ni jambo linalompata. Nilijua dawa gani ya watu inaua simbilisi, na nilijivunia kuijua, huku namvutisha sumu kwa mkono wangu mara nne kwa siku na kuiita upendo.

Tulilitoa sanduku chumbani, tukaliweka barazani, upande unaopata jua la asubuhi na kukingwa na upepo wa mlimani. Javeli yote akapewa mama kwa ajili ya mashuka. Daktari alisema nimwekee majani makavu, niyabadilishe yanapolowa, nioshe sanduku kwa maji na sabuni kidogo mara moja kwa wiki, basi. Matone yaendelee, na bomba la sindano pia. Siku ya tatu nilikuwa nimeshika jani la mahindi mkononi, nikizungumza na mama, nikahisi linavutwa.

Hajapona kabisa, wala hatapona. Mapafu yake yameshachakaa, daktari alisema, na mvua zikianza atapata mafua kama wazee wote. Tangu wakati ule ameugua mara mbili, mafua mepesi, na mara zote mbili sikuhangaika. Kigumu ni siku ambazo hana kitu. Kila asubuhi naliona doa kwenye kona ya sanduku na mkono wangu unawasha kutaka kulisugua. Naliacha mpaka Jumamosi. Siku moja mteja alikuja kuchukua kadi zake, akavuta pua akaangalia pembeni. Nikamwambia ni simbilisi, ni mzee, karibu uketi. Zamani ningetamani ardhi inimeze. Tukazungumzia rangi ya utepe.

Wiki hii mvua zimeanza, na Jumanne alipiga chafya. Nikampa matone, nikamfunika gunia upande wa upepo, nikarudi kwenye kazi. Kabla hajazeeka alikuwa akisikia mfuko wa plastiki unakwaruza, anapiga mluzi mpaka jirani anauliza kuna nini. Mluzi ule ulikatika alipoanza kuugua, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuutoa, nikauzoea ukimya wake. Leo asubuhi nilikuwa jikoni nafungua mfuko wa mboga, nikasikia mlio kama wa mlango usiopakwa mafuta. Ulikuwa mfupi na wa kukwaruza, kisha ukaja wa pili, mrefu zaidi.

"Anaita chakula yake," mama alisema kutoka uani. "Umupe basi, anangoya."

Nikaosha lengalenga mara moja tu, nikampelekea.