Nilivyojishtaki kwa Maiki Pale Stendi ya Same

Niseme lile baya kuliko yote kwanza, mcheke mmalize: mimi ndiye yule jamaa aliyempigia magoti bibi wa watu katikati ya stendi ya Same, mchana kweupe, maiki mkononi na inawaka, kwa hiyo kila "nisamehe bibi" niliyotoa ilisikika mpaka kwa abiria waliokuwa wanashuka basi la Arusha.

Chanzo ni mjomba. Mimi nachora lebo na matangazo kwa simu (shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake), na Mjomba Eliakimu, kaka yake mama, analima tangawizi huko juu milimani. Siku moja akashuka akasema anataka kuuza tangawizi ya unga kwenye pakiti, nimchoree lebo. Sasa mimi nilikuwa nimemsikia mwanasheria mmoja redioni anasema mchoraji asiguse kazi kabla hajaandikiana na mteja, kazi ni ya nini, itatumika wapi, jina la nani litakaa, nikabaki najiuliza, hivi kweli, mchoro ukishatoka mkononi mwangu unakuwa wa nani? Nikamwambia mjomba tuandikishane kidogo.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Uniandikishe mimi? Mimi niliyekaa na wazee kupokea mahari ya mama yako? Bila mimi ungezaliwa wewe?"

Kwetu mjomba ni mtu wa kuogopwa, akinung'unika tu unaanza kusubiri mikosi. Nikasema hapana mjomba, nilikuwa natania. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikachora. Bibi mcheshi, kilemba kichwani, kapu la tangawizi, anacheka mpaka pengo linaonekana. (Sura niliitoa kwenye picha niliyompiga muuza tangawizi mmoja gulioni, Bi Nakijwa, alikuwa anacheka na wenzake wala hakuniona, pengo nililiongeza mwenyewe, niliona linaleta utamu.) Pakiti zikatoka, mimi nikawa kila nikipita dukani naigeuza iangalie mbele, kama mzazi anayemweka mtoto vizuri apigwe picha.

Baadaye zikaja pakiti mpya, na pembeni kabisa pameandikwa aliyechora ni mkwe wake mjomba, yuko Moshi. Nikasema labda wamekosea. Kumbe kuna mama wa hoteli pale Lembeni nilikuwa nimekubaliana naye nimchoree ukuta, akaiona ile pakiti, akanikatalia mbele ya wateja wake: "Si wewe unajisifia yule bibi wa tangawizi ni wako? Mbona mwenyewe ameandikwa hapa? Sitaki mtu wa kuiba kazi za wenzake."

Iliniuma. Mimi cheti sina, jina langu ndiyo cheti, na sasa limechafuka kuanzia Same mpaka Lembeni.

Basi nikasikia mjomba anafanya uzinduzi wa hizo pakiti mpya stendi, maspika, chai ya tangawizi ya bure. Nikaenda. MC alipoinama kujimiminia chai nikaidaka maiki nikapanda juu ya kreti: "Huu mchoro ni wangu!"

Mnatujua Wapare na kesi. (Watu wanasema tunauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku, mimi nasema inategemea na kuku.) Wakasogea, wengine wakakalia mizigo yao kabisa, kuna jamaa basi lake lilimpigia honi akalipungia mkono liende tu.

"Una ushahidi?" mjomba akauliza.

"Ninao!" Nikainua simu. "Picha niliyochorea hii hapa, nilimpiga mimi kwa mkono wangu! Huyo mkwe wako anayo?"

Simu ikapita mkono kwa mkono, wakalinganisha na pakiti, wakapiga makofi, mtu akapaza sauti, "Kijana kashinda!" Na mimi nimeshaanza kupunga mkono kama mbunge, nikasikia sauti kutoka upande wa wauza tangawizi: "Hebu leteni hiyo simu."

Bi Nakijwa. Akaangalia simu, akaangalia pakiti, akaniangalia mimi.

"Shikamoo bibi," nikasema. Kwenye maiki.

"Marahaba, ila hiyo shikamoo haikusaidii. Nani alikupa ruhusa ya sura yangu? Kwaya nzima wananiita Bi Pakiti, nabisha kila Jumapili siyo mimi, kumbe ni mimi! Na hili pengo umelitoa wapi?" Akafungua mdomo, akawazungukia watu wote waone. Meno yote yapo, yamejipanga kama punje za hindi.

Stendi ikalipuka kwa kicheko. Mjomba naye, tena bila haya, akadakia: "Huoni aibu kuchukua cha mtu bila kukubaliana naye?" (Mjomba huyohuyo!) Magoti nadhani yalijikunja yenyewe.

Aliyetuokoa ni rafiki yangu Hamisi, mwenye steshenari pale stendi, akatuingiza dukani kwake akafunga mlango. Na huyo bibi ndiye aliyeuliza swali ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani: "Nielewesheni. Sura yangu, mkono wa huyu, tangawizi ya yule. Sasa huyu bibi wa kwenye pakiti ni wa nani?" Hakuna aliyejua, ila tulijua tungeulizana mapema tusingefika pale. Tukaandikiana: sura ikae kwenye tangawizi tu, jina langu lirudi, na kabla ya yote meno ya bibi yarudi. Mjomba alisaini huku anainung'unikia kalamu.

Yule mama wa Lembeni alipata habari. Akasema sasa anaamini mchoro ni wangu, ila ukuta hanipi, anaogopa nitamtia pengo.

Kwa hiyo sasa hivi siandiki hata herufi kwenye bodaboda ya mtu kabla hatujaandikiana, awe mjomba, awe mchungaji, na nikiona sura nzuri gulioni nasogea naomba kwanza, hata kama kicheko chenyewe kitakuwa kimeshaisha.

Hamisi alicheka mpaka akashika kaunta, halafu akaniambia, "Mwanangu, nimeona watu wakishinda kesi, nimeona wakishindwa. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona anashinda na kushindwa kwa ushahidi uleule, tena ameubeba mwenyewe kutoka nyumbani."