Mayai Yenye Majina ya Watu

Siku inayonirudia kila ninapopanda basi, mwanangu, ni ile niliyosimama kando ya barabara Kampala nikibishana kwa simu na mwanamke aliyekuwa mlimani Gahanga, kwetu Rwanda, juu ya joto alilokuwa akilishika yeye kwa mkono wake.

Mwanamke huyo ni Mama Konsolata. Alikuwa na kabati la kutotoleshea mayai, na nyumba zote za mlima ule zilimletea mayai yao. Juu ya kila yai aliandika kwa penseli jina la mwenyewe, ili kila nyumba irudishiwe vifaranga wake.

Kabati tulilitengeneza mimi na Mzee Saidi, fundi redio wa mtaa wa Biryogo, Kigali. Ndani tuliweka vipima joto, na ubavuni kijisanduku kilichosoma joto na kuamua palepale: washa hita, zima hita. Mafundi huita mpango huo kompyuta ya ukungu. Wingu, yaani zile mashine kubwa zinazofikiwa kwa intaneti, liko mbali. Ukungu hukaa chini, karibu na kitu chenyewe, kama ule wa asubuhi mabondeni kwetu. Intaneti ikikatika, kijisanduku kinaendelea na kazi.

Lakini mimi sijawahi kutulia mahali, hata sasa mvi zinapoanza. Nilitaka kuliendesha kabati kwa simu popote nilipo. Basi nikakinyang'anya kijisanduku uamuzi, kikabaki mpeleka habari tu, na amri zikawa zinatoka mbali, kwenye wingu, kupitia intaneti.

Mzee Saidi alicheka. "Kuku anayeatamia akiwa Kampala sijamwona bado."

"Mzee, wewe umebaki kwenye redio za betri."

"Sawa, nimebaki. Ila akili ya kabati iache chumba kimoja na mayai."

Nikaondoka. Siku ya ishirini ya mayai kabatini, mchana wa mvua, Mama akapiga.

"Mwana wangu, hapa iko moto sana. Nimegusa kioo, kimenichoma."

Nikatazama simu. "Hapana, Mama. Ni thelathini na saba na nusu, sawasawa kabisa."

"Jana walikuwa wanalia ndani ya mayai. Leo kimya."

"Wamelala. Usifungue mlango, utawaua."

"Nisifungue?"

"Usifungue. Mimi naona kila kitu."

"Haya. Wewe ndiyo umesoma."

Mwanangu, mimi niliishia sekondari, na siku ile sikuwa nikiona chochote. Simu ya kawaida ilipita, lakini intaneti ya Gahanga ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Namba ile ndiyo iliyofika mwisho, ikaganda kwenye kioo cha simu yangu kana kwamba ni ya saa ileile. Amri ya mwisho iliyofika kwenye kabati ilikuwa washa. Ya kuzima haikufika.

Nilipotambua hilo nilikuwa nimechelewa; nilifika kesho yake. Nilimkuta ameketi sakafuni kati ya vikapu, akijaribu kuyapanga mayai kwa majina. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nisomee. Macho yangu hayaoni penseli."

Nikasoma. Mukamana. Habimana. Nyirahabineza. Kila jina nililolitaja, aliliweka yai kikapuni taratibu, kama bado kulikuwa na kitu ndani cha kuogopa kukivunja. Kisha akajitwika kikapu cha kwanza, akaenda kubisha hodi kwa jirani. Sikumfuata. Niliona haya, nikapanda basi.

Baadaye nilirudi, nikakirudishia kijisanduku uamuzi wake. Hakikuwa na cha kuamua. Hakuna aliyeleta yai tena. Kabati lilikuwa limewekwa sahani. Mzee Saidi naye alifariki kabla sijapata maneno ya kumwambia.

Basi nisikilize, ingawa sijui nasaha iliyochelewa humfaa nani. Ukifunga mtambo, uamuzi unaogusa uhai uache pale uhai ulipo. Simu yako ikikuonyesha namba, iulize kwanza ni ya saa ngapi. Na mtu aliyegusa akikuambia panaunguza, mwamini yeye, hata kama hajasoma, hata kama wewe ndiye uliyetengeneza. Mimi sikumwamini, na tangu siku hiyo nazunguka nchi za watu bila kupata pa kuliweka jambo hili.

Mungu akuepushe na barabara zangu, mwanangu. Akupe mahali pa kukaa, na siku mtu atakapokuita kama Mama alivyoniita, akukute karibu, uinuke, ufungue mlango.