Ripoti ya Mama Uzi

Wauguzi walimwita Mama Uzi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitupa uzi wa kushonea uliobaki, hata ukiwa wa urefu wa kidole. Alikuwa daktari pekee wa upasuaji katika hospitali ile, na mkono wake ulisifiwa hadi kwa wauza vocha nje ya geti.

Siku moja akaletewa fundi mwashi mwenye ngiri kubwa tumboni. Wavu maalumu wa kuzibia ulikuwa umekwisha stoo, basi akakata kipande cha utando mgumu kutoka pajani mwa fundi mwenyewe, akazibia nacho. Fundi akapona, akarudi kwenye matofali yake. Kwa ridhaa yake, Mama Uzi akaandika ripoti yenye picha, akaipeleka kwenye jarida la mtandaoni linalosomwa bure na yeyote, popote alipo. Ilipotoka, mumewe akamtania kuwa kumbe ameoa mtu maarufu, basi chai atajipikia mwenyewe.

Barua pepe za shukrani zikaanza kuingia. Moja ilitoka kwa daktari wa hospitali ya mbali, ambako wavu ule haukuwahi hata kufika. Alisema amefuata picha hatua kwa hatua, na mgonjwa wake wa kwanza ameshatoka wodini. Mama Uzi aliisoma mara mbili, akamsomea na mumewe.

Kisha fundi akarudi. Aliingia ameinama, mkono ubavuni, akaketi taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

"Daktari, sitaki kukusumbua," alisema. "Ila kuna kitu humu ndani kinatembea."

Mama Uzi alipomfungua tena tumbo, alikuta kile kipande kimelegea, kimeoza pembeni, na utumbo umekigandia. Kuutenganisha kulimtoa jasho hadi mgongoni. Alipokuwa akinawa mikono ndipo alipoyakumbuka matumbo mengine, ya watu asiowajua.

Akaliandikia jarida liweke onyo. Wakamjibu kwa adabu kwamba wahariri watakaa kulijadili. Ripoti ikaendelea kusomwa. Hakungoja, akampigia yule daktari wa mbali.

"Umewafanyia wangapi?"

"Wanne, dada. Wote wazima."

"Hata wangu alikuwa mzima. Waite warudi."

Mama Uzi akasikia feni ikizunguka upande wa pili.

"Mmoja ni mchimba visima," yule daktari alisema hatimaye. "Anahamahama. Sina hata namba yake."

Watatu walipatikana, na kwa wawili kati yao utando ulikuwa umeanza kulegea. Mchimba visima hakuonekana. Fundi alipona polepole, akakubali habari yake iandikwe tena, safari hii hadi mwisho. Onyo nalo likaja kuwekwa, lakini kurasa za ripoti ile zilikuwa zimeshanakiliwa na kusambazwa bila hilo onyo, na ripoti ya pili haikupata wasomaji hata nusu ya wale wa kwanza.

Shukrani bado humfikia. Mama Uzi huzijibu zote siku ileile, na huanza kwa kuuliza wagonjwa ni wangapi, na wanaishi wapi.