Tulivyomsalimu Nanyaya

Enzi zetu pale Chapwa, zimwi halikuwa zimwi mpaka lijulikane ukoo wake. Nasema na ninyi wenzangu mliokulia Tunduma ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mliomeza vumbi la malori ya mpakani kila siku na bado mkanenepa. Watoto wa siku hizi wakikutana na jitu kwenye gemu wanalilipua kwanza, wala hawaulizi limetoka wapi. Sisi tulikuwa na adabu zetu. Kila jitu tulijua limezaliwa wapi, limekunywa nini hadi likaharibika, na ukikutana nalo uliite nani.

Gemu yenyewe ilikuwa ya baba mdogo wangu, fundi redio. Kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kimejaa matumbo ya redio na harufu ya risasi ya kuchomelea. Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alileta ile mashine ya kijivu itengenezwe. Aliporudi akaipenda zaidi redio ya kaseti iliyokuwa dirishani, wakabadilishana, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, ba fundi," akaondoka zake. Ndivyo tulivyopata gemu. Ilikuja na pedi moja na CD moja, na maandishi yote yaliyotokea kwenye kioo yalikuwa ya Kijapani, au labda Kichina, hakuna aliyeweza kuapa. Memori kadi haikuwepo. Maana yake, ukizima, au umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika kwelikweli, stelingi wako anarudi kuanzia mwanzo kabisa, pale jangwani alipoamka na mkono wa chuma na upanga unaowaka. Kwa mwaka mzima hakuna aliyewahi kuuona mwisho wa gemu ile.

Sasa mwingine angesema, gemu isiyosomeka ina raha gani? Huyo hakumjua Rehema.

Rehema alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, darasa la tano, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayetangaza msiba. Maandishi yale yakitokea, wengine tulibonyeza kitufe yapite. Yeye siku ya kwanza tu alisema, "Subirini, mnaharakisha nini?" Akasogelea kioo, akayapitisha macho taratibu, akatusomea. Kwa Kiswahili, bila kukwama hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza alijifunza wapi. Hata baba mdogo, mtu mzima mwenye ndevu, aliacha waya mkononi akasikiliza.

Kwa mujibu wa Rehema, ile dunia zamani ilikuwa nzuri, yenye mashamba na ng'ombe, kama ya kwetu tu. Ikaanguka nyota. Wachawi wenye shahada, waliovaa makoti meupe, wakaichukua wakaipeleka kwenye kiwanda chao mlimani, wakaimenya kwenye mashine ili wapate kilicho ndani. Maganda na maji yake machafu wakayamwaga mtoni. Mimi nilijua mara moja mto huo ameutoa wapi, maana likizo iliyopita tulikwenda naye kwa bibi yangu, kijijini Hasamba. Kule kulikuwa na mashine ya kumenya kahawa kando ya kijito, na maji yake yalinuka hadi unaziba pua. Bibi alitukataza hata kunawa. Lakini sikusema kitu, kwa sababu hadithi ilikuwa imeshanoga.

Kila kiumbe aliyekunywa maji ya nyota akabadilika. Huo ndio ulikuwa msemo wa Rehema kwa kila jitu lililotokea: "Hakuzaliwa hivyo. Alikunywa." Na kwa kuwa nusu ya watoto pale kibandani tulikuwa Wanamwanga, ambao ukoo mmoja una jina linaloanzia Si kwa wanaume na linaloanzia Na kwa wanawake, majitu nayo yakapewa majina kwa utaratibu huohuo. Dume la ng'ombe lenye pembe za chuma na televisheni tumboni aliitwa Simabetri. Huyu baada ya kunywa maji yale alipata hamu ya chumvi isiyoisha, akawa analamba betri za gari. Kuku mwenye vichwa vitatu alikuwa Namashudu. Kichwa cha katikati hukipigi, kwa sababu ndicho cha mama, na ukikiacha salama anakutagia yai la kukuongezea nguvu. Mkitaka kubisha, bisheni, lakini yai lilitoka kila mara. Kambale anayetembea kwa miguu alikuwa Sikambale, ametoka ziwani kumtafuta mke wake, ndiyo maana alikuwa anazunguka eneo moja tu bila kumaliza.

Na juu kabisa, ndani ya kiwanda, alikaa Nanyaya, tuliyemjua kwa picha za mwanzo wa gemu tu, mkubwa kama nyumba ya ghorofa, mwili mzima nyaya na uso wa mwanamke. Rehema alisema huyu alikuwa mpishi wa kiwanda. Siku maji yalipobadilika rangi, watoto wa kijijini walikuwa wanashuka mtoni na ndoo. Nanyaya akawahi kuyaonja yeye kwanza ili ajue kama yanafaa. Hayakufaa.

Yote haya yaliandikwa kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu, kwa mwandiko wa Rehema na picha zangu: jina, kwao, alichokunywa, anachoogopa. Shuleni tulicheza rede na kombolela kama watoto wote, lakini mchezo wetu hasa ulikuwa huo. Mtu anakuwa Simabetri na magunzi mawili kichwani, mwingine stelingi na kipande cha muwa, tunakimbizana hadi kengele. Tukitoka shule tunapita kwa yule mama aliyeuza chikanda, ile kama soseji inayopikwa kwa mizizi na karanga, tunakula tukibishana kama Sikambale alioa kwa ndoa halali. Nyumbani mama yangu alikuwa akinifokea: "Wewe Ester, ukirudi hapa na macho mekundu kwa hilo ligemu, utanitambua!" Nilirudi na macho mekundu, nikamtambua, na kesho yake nikaenda tena. Kwa kweli sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tangu siku hizo.

Halafu baba yake Rehema akapata shamba la mpunga Kamsamba. Familia nzima ingehama Jumapili, kwa lori, kushuka hadi bondeni kule kwenye joto, ambako umeme ulikuwa haujafika. Rehema alinieleza tukiwa tunateka maji. Hakulia. Alisema tu, "Nitaondoka sijajua Nanyaya alipona au hakupona." Nikamwambia atapona tu, wewe si ndiye msomaji? Akakasirika. "Siwezi kusoma ambacho hakijatokea," akasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye mwenyewe aliyaamini aliyoyasoma, na nikaogopa kwa niaba yake. Ilibaki Jumamosi moja.

Jumamosi hiyo baba mdogo alituachia pedi tangu asubuhi, tulipomaliza kufua sare na kuteka maji. Watoto wote walikubali Rehema acheze peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea na sidhani kama litatokea tena popote duniani. Kila balbu ilipopepesa tulishika vifua. Akavuka jangwa. Akampita Simabetri. Akaacha kichwa cha katikati cha Namashudu, akapewa yai. Saa nane mchana, kwa mara ya kwanza katika historia ya Chapwa, mlango wa kiwanda ukafunguka na Nanyaya akainuka akajaza kioo chote.

Akapuliza moto. Kati ya roho tatu za stelingi, ya kwanza ikaenda. Rehema akaruka, moto ukamfuata hukohuko juu, roho ya pili ikaenda. Ikabaki moja.

Nyuma yetu, kwenye kigoda, alikuwa amekaa bibi yangu. Alikuja kutoka Hasamba kuchukua redio yake, akaambiwa asubiri, akawa anavuta ugoro huku akiangalia kioo kwa uso wa mtu aliyeona fujo nyumbani kwa watu. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Hee! Nyie watoto! Yule si mtu mzima yule? Mama wa watu yupo kwake, mnamwingilia na mapanga, tena mnamsimamia wima! Kwenu hamkufundishwa?"

"Bibi, yule ni zimwi," nikasema.

"Ndiyo hasalimiwi?"

Ninyi mnaotoka kwetu mnajua, mtoto wa kike humwamkii mtu mzima umesimama. Unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, viganja vimejikunja, ndipo unasema shikamoo. Kitufe cha kumchuchumalisha stelingi tulikuwa tunakijua, lakini kazi yake tuliyoiona ni moja tu, kumfanya aonekane anajisaidia porini tukacheka. Rehema akageuka kumtazama bibi, akatazama kioo. Bibi amesema, basi. Akabonyeza chini.

Stelingi akachuchumaa. Nanyaya akapuliza, na moto wote ukapita juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama," Rehema akasema kwa sauti yake ya msiba.

"Umeona?" akasema bibi, akaanza kupiga makofi. Pa, pa, pa. Na sisi tukaanza, watoto kama kumi na wawili, tumechuchumaa sakafuni kati ya matumbo ya redio, tunapigia makofi televisheni. Moto ukapita tena. Ukapita tena. Kisha Nanyaya akatulia, nyaya zake zikalegea, na kifuani pakafunguka kitu kama kitasa kinachong'aa.

"Sasa nimpige?" Rehema akauliza, na hakuwa anatania.

"Piga, umeshasalimia!" akapiga kelele baba mdogo, ambaye chuma chake cha kuchomelea kilikuwa kinaunguza meza bila yeye kujua.

Akapiga mara moja. Nyaya zikaanguka zote, moja baada ya nyingine, na pale katikati akabaki mwanamke wa kawaida, mdogo, amekaa kando ya mto ananawa mikono. Muziki ukabadilika. Maandishi yakaanza kupanda kutoka chini, mengi, marefu, na kibanda kizima kikamgeukia Rehema.

Akasoma. "Maji yamesafika. Simabetri amerudi zizini. Sikambale amempata mkewe, walikuwa wanapishana tu. Namashudu amepona, kila kichwa kimepata kuku wake. Nanyaya amewapikia watoto wote, halafu amerudi kwao." Maandishi yalikuwa bado yanapanda.

"Na hapo chini wameandika nini?" nikamuuliza.

Akafuta pua kwa mkono. "Wameandika daftari libaki kwa Ester."

Hapo nililia, siwezi kuficha, na yeye akalia, na bibi akatuambia tuache uchuro maana mgonjwa ameshapona. Akachomoa mahindi ya kuchemsha kwenye kikapu chake akatugawia. Umeme ulikatika tukiwa tunakula, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeguna. Kesho yake lori likaondoka na Rehema juu ya magodoro, akinipungia hadi vumbi likamfunika.

Sasa niko na miaka yangu, na mpwa wangu Brayan anakuja kwangu likizo na simu yake. Gemu siku hizi hachezi, anaangalia watu wengine wanavyocheza, amelala chali, anacheka peke yake. Ni kama mtu kwenda harusini kuchungulia wenzake wakila pilau. Hakuna kupokezana pedi, hakuna kubishana, umeme ukikatika ana chaji. Nikamsimulia siku moja kuhusu Nanyaya, akasikiliza kwa huruma, akabofya simu yake kidogo, akaipata gemu ileile, imeshatafsiriwa.

"Shangazi," akasema, "mlikosea kila kitu." Akanisomea. Hakuna nyota wala mto. Majitu yalitengenezwa maabara kwa ajili ya vita, na hayana majina, yana namba. Ng'ombe ni sampuli ya nne. Yule wa nyaya ni sampuli ya kumi na moja, kompyuta iliyoharibika, hajawahi kuwa mpishi. Yule mwanamke wa mtoni ni mchumba wake stelingi.

Sitasema uongo, niliumia. Nikafungua kabati, nikatoa kaunta buku langu jekundu, kurasa zimeshakuwa za njano, nikasoma pale: kwao, alichokunywa, anachoogopa. Nikampigia Rehema. Yupo Kamsamba mpaka leo, ana mpunga wake, ana watoto wanne, na nyuma ya sauti yake kuna ng'ombe na kuku kila ukimpigia. Nikamweleza yote, namba na mchumba na kompyuta, nikaweka spika Brayan asikie.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akarudi kwenye ile sauti yake ya zamani, ya kutangaza msiba.

"Mwambie huyo mtoto, hao walioandika waliingia wakapiga bila kusalimia. Majina ya wenyeji wangeyajulia wapi?"