Waya Mpya za Spika

Kila Jumapili alasiri, fundi mstaafu wa kiwanda cha majani chai hubadilisha waya za spika kwa mikono ileile iliyokaza nati za mashine miaka thelathini. Huzichuna ncha kwa meno, huipuliza shaba, kisha huita kana kwamba mashine bado zinanguruma: "Chepkurui! Kuja unisaidie!" Jirani yake huyo huacha ng'ombe wake, akaja kuinama nyuma ya redio, achomoe waya za zamani na kuchomeka mpya. Fundi hufumba macho. Kaseti ni ileile ya kwaya ya kanisa, na marehemu mkewe yumo, safu ya nyuma, sauti ya pili. Eti waya nyembamba zinaifunika sauti yake. Chepkurui hajawahi kusikia tofauti yoyote.

Jumapili iliyopita alichoka, akatikisa meza ya redio tu bila kugusa waya hata moja. "Tayari, Mzee."

Kwaya ikaanza. Fundi akashika kiti kwa nguvu. "Hapo! Umesikia akivuta pumzi kabla ya kuingia?"

Chepkurui akaketi taratibu karibu na spika.

"Rudisha nyuma kidogo, Mzee. Na mimi nimsikie."