Anayekaa Nyuma ya Pikipiki

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni Jumamosi moja nilipokuwa msichana wa mbio, nimekaa nyuma ya pikipiki ya kaka yangu, tukitoka Kaptagat kuja Eldoret. Kaka yangu huyo, Kiprono, ndiye baba yako. Najua hajakusimulia, maana angekusimulia usingenijibu vile ulivyonijibu jana. Basi keti. Chai iko kwenye themosi, jimiminie. Nimekasirika, na sitangoja hasira ipoe ndipo niseme, kwa sababu hasira hii imekuzidi umri na bado haijapoa.

Baba yako alikuwa amepata kruza, zile pikipiki ndefu ambazo mtu huketi ameegemea nyuma, miguu imetangulia. Ilikuwa nzuri, sikatai. Vijana wa kwetu Ainabkoi waliacha kupakia viazi wakaitazama. Lakini yeye akaona imeinuka nyuma. Alitaka ilale chini, ikipita watu waseme, yule ni nani? Akaipeleka kwa fundi mjini, zikatolewa shokamzoba mbili za nyuma, zile springi za kumeza mishtuko, akafungiwa nyingine fupi, ngumu, zilizotoka kwa pikipiki ndogo. Fundi alimwuliza jambo moja tu: "Utakuwa ukibeba mtu?"

"Hapana," baba yako akasema. "Ni ya mimi peke yangu."

Hayo tuliambiwa baadaye na Mwangi, rafiki yake, mtoto wa mwenye duka jirani yetu, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo. Na siku hiyo baba yako alikuwa ameshaniahidi kwamba Jumamosi atanibeba. Alimdanganya fundi, na mgongo uliokuwa ukidanganyiwa ulikuwa wangu.

Pikipiki ilipofika nyumbani ilikataa hata kusimama. Yenyewe imeshuka, stendi ya pembeni imebaki na urefu wake wa zamani, kwa hiyo ilisimama wima badala ya kuegama, ikayumba, upepo ukaiangusha kwenye kuni za Mama. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi tuliona mawingu tukaanika nguo.

Wakati huo nilikuwa nakimbia mita elfu tatu. Kocha wetu alikuwa amesema mbele ya wenzangu kwamba nikifanya vizuri kwenye mchujo wa Jumamosi ile, nitaingia timu ya kwenda ng'ambo. Kwetu hakuna aliyekuwa amepanda ndege. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta kibuyu cha kunipokelea na mursik, maziwa yetu ya mgando, nikirudi, jinsi mama zetu wanavyopenda kuvuka daraja kabla ya kufika mtoni. Viatu vya misumari nilikuwa nimeazimwa. Nilivifunga kwenye leso nikavishika kifuani, nikapanda.

Kutoka kambi yetu ya mazoezi, kule Kaptagat, hadi lami ilikuwa barabara ya mawe, yenye yale matuta madogo madogo yanayotetemesha meno. Hatukuwa tumefika mbali nikasikia tairi likikwangua madigadi, lile bati la kukinga matope, chini yangu. Kila shimo, springi zilifika mwisho wake, na pale springi inapoishia, mwanangu, ndipo uti wa mgongo wa mtu unapoanzia. Baba yako alikuwa mbele, ameketi kwenye kiti kinene, mikono kwenye usukani, analiona kila shimo kabla halijafika. Anayekaa nyuma haoni kitu. Anaona mgongo wa mwenzake tu.

Nikampiga bega. "Kiprono, pole pole! Inanigonga mgongo!"

Akacheka bila kugeuka. "Wewe si ni mkimbiaji? Vumilia! Mvumilivu hula mbivu!"

Nikavumilia. Ndio ugonjwa wetu sisi watu wa mbio. Kambini anayelalamika ndiye dhaifu. Mvua inanyesha, unakimbia. Kucha inang'oka, unakimbia. Kwa hiyo nilipoambiwa nivumilie nilinyamaza kama niliyeambiwa na kocha, nikauma meno. Tukaingia lami, nikamshukuru Mungu, kisha karibu na shule moja pale akalipita tuta bila kupunguza mwendo. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilisikia kitu kama moto kikishuka kutoka kiunoni hadi kisigino.

Uwanjani nilishuka nimepinda. Nilijinyoosha, nikapasha mwili, sikumwambia kocha. Bunduki ikalia. Mwanzoni nilikuwa na wenzangu wa mbele, kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, nikawa nautupa tu bila kujua unakanyaga wapi. Niliketi kwenye nyasi ndani ya uwanja nikawatazama wakinipita, mmoja mmoja, hata wale ambao nilikuwa nawaacha kila asubuhi msituni.

Wenzangu walikwenda ng'ambo. Mgongo wangu ulipona kiasi cha kukamua na kupalilia. Kiasi cha kukimbia haukurudi tena. Watu waliniambia ni ajali, nimwachie Mungu. Mimi nasema haikuwa ajali. Ajali ni ng'ombe kukatiza barabara. Hii ilipangwa na mtu aliyetaka kupendeza, akaulizwa swali, akajibu uongo.

Babu yako hakupiga kelele. Kesho yake, tulipotoka kanisani, aliizunguka ile pikipiki polepole, akakikandamiza kiti chake kwa mikono miwili, kikakataa kubonyea. Mwangi alikuwa amekuja kunipa pole.

"Mwangi, shika wewe usukani," Babu akasema. "Kiprono, kaa nyuma."

"Tunaenda wapi, Baba?"

"Mpaka kambini na kurudi. Njia ile ile ulimpitishia dada yako. Na ukisikia uchungu, vumilia."

Waliporudi, baba yako hakuweza kushuka bila kushikwa. Aliegemea ua, amebadilika rangi. Babu akamwuliza, "Ilikuwa aje?" Akashika kiuno. Ndipo mzee yule akasema maneno ambayo ningependa uyaweke moyoni kuliko mahubiri yote uliyowahi kusikia: "Kuvumilia, mtu anajichagulia mwenyewe. Hakuna mtu anachaguliwa kuvumilia na mwingine. Wewe ulitaka urembo, ukamwachia mtoto wangu maumivu."

Tangu siku hiyo ile methali ya mvumilivu siitumii. Si mbaya yenyewe, lakini nimeona inavyopendwa na watu wasiovumilia chochote.

Sasa jana unaingia kwangu na kruza yako, nyuma imelala karibu iguse ardhi, mke wako Chebet amekaa pale juu na tumbo lake linaonekana. Unaniambia wiki ijayo unampeleka Sugoi kwa mama yake. Nikakuuliza, "Na huyu, na hizo shokamzoba?" Ukanijibu ukicheka, "Ah, Anti, atazoea tu. Atavumilia."

Nilimwona Chebet akitazama chini. Mtazamo ule naujua. Nikaingia ndani kwa sababu ningekuchapa, na umri wa kuchapwa umeshakupita.

Sikukatazi kushusha pikipiki. Kama miguu haifiki chini, shusha, hiyo ni akili. Lakini weka springi zinazoweza kubeba watu wawili na mzigo wao, si zile zilizopendeza kwa picha. Kaeni juu wote wawili muone kama tairi linagusa madigadi. Kata stendi iwiane na kimo kipya. Na fundi akikuuliza utabeba nani, taja jina. Sema, nitambeba Chebet, ana mimba. Utaona atakavyoweka chini spana na kukutazama upya. Zaidi ya hayo yote, anayekaa nyuma akikwambia pole pole, ameshachelewa kusema. Punguza. Hivyo hivyo nyumbani kwako, na kazini, na popote utakapokuwa umeshika usukani wa watu wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Umemaliza chai? Vizuri. Chungulia dirishani. Yule mzee mwenye kofia aliyesimama karibu na pikipiki yako ni Mwangi. Nimempigia simu asubuhi, na mkono wake bado haujasahau. Mpe funguo. Chebet atabaki hapa na mimi, tumenye viazi.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu, na watoto wanaokukimbilia ukifika. Barabara zako ziwe laini, na ziwe laini kwanza kwa yule anayekaa nyuma yako.

Sasa nenda ukae nyuma. Mpaka Kaptagat na kurudi.